Ujauzito, uzazi na afya ya akili wakati wa korona: maswali ya wanawake waliotumikia jeshi la Marekani

Kama unasoma hapa na una mawazo ya kujiua au ya kumdhuru mtoto, usingoje kumaliza ukurasa. Ukiwa Marekani piga 988 kisha bonyeza 1. Hiyo ni laini ya wanajeshi wa zamani na inapokelewa usiku na mchana. Ukishindwa kuongea, tuma ujumbe mfupi kwenda 838255. Kama hatari ni ya dakika hii, piga 911. Maswali yatakungoja.

Mimi si daktari. Najitolea kuwasaidia wazazi wapya katika jumuiya yetu ya watu wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani: kupeleka chakula, kumsindikiza mtu kliniki, kukaa naye mezani tukijaza fomu. Tangu 2020 nimekaa na akina dada kadhaa waliovaa sare ya jeshi kabla ya kubeba mimba. Maswali haya ni yao. Majibu nimeyatoa kwenye mambo tuliyojifunza pamoja na kwenye taratibu za Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani, ambayo kila mtu huiita VA.

Ukurasa huu unamhusu nani hasa?

Mwanamke yeyote aliyetumikia jeshi la Marekani, akatoka, kisha akawa mjamzito au akajifungua kipindi cha korona. Yaani kuanzia Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza janga, hadi Mei 2023 lilipoondoa hali ya dharura.

Nasema "mwanajeshi wa zamani" na si "mstaafu" kwa makusudi. Kwetu mstaafu ni mtu mzima aliyepokea kiinua mgongo. Huku, binti aliyeingia jeshini na miaka 19 akatoka na 23 tayari ni veterani na ana haki zake. Nimekutana na dada aliyekaa miaka mitatu bila kugusa haki hizo, akidhani ni za wazee waliopigana vita vya Vietnam.

Na wetu ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2009 hadi 2016 jeshi la Marekani lilikuwa na mpango ulioitwa MAVNI, uliochukua wahamiaji wenye lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Wengine waliingia wakiwa tayari na ukaazi wa kudumu. Jeshi likawapa uraia, likawapa elimu, na baadhi yao likawaachia mzigo ambao hawakuwa na pa kuutua.

Ni kweli mama aliyepitia jeshi yuko kwenye hatari zaidi kuliko mama mwingine?

Ndiyo, na sababu si udhaifu wake. Utafiti uliochapishwa 2010 ulipitia kumbukumbu za wanawake zaidi ya 43,000 waliorudi kutoka vita vya Iraq na Afghanistan na kutibiwa VA. Waliopata ujauzito walikuwa na uwezekano mara mbili wa kuwa na ugonjwa wa afya ya akili uliothibitishwa na daktari, wakilinganishwa na wenzao ambao hawakupata. Utafiti mwingine, wa 2014, uliangalia uzazi zaidi ya 16,000 uliogharamiwa na VA. Mwanamke aliyekuwa na PTSD, yaani maradhi yanayoletwa na kiwewe, katika mwaka wa kabla ya kujifungua, hatari yake ya uchungu kuanza mapema na kuzaa mtoto njiti ilizidi kwa asilimia 35. Kwa hiyo kiwewe hakikai kichwani peke yake. Kinashuka mpaka kwenye nyumba ya uzazi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi wetu hatulitamki. Karibu mwanamke 1 kati ya 3 waliotumikia jeshi, anapoulizwa VA, hujibu kwamba alibakwa au alinyanyaswa kijinsia akiwa kazini. VA huliita MST. Sasa mfikirie mtu huyo yuko kitandani leba. Taa kali usoni, mtu asiyemjua ameinama juu yake, anaambiwa "tulia, usisogee". Wauguzi wanaona mzazi mkaidi. Yeye hayupo pale tena, amerudi kambini, usiku ule.

Dada yangu, kama hili linakugusa, huna haja ya kusimulia lolote. Inatosha kumwambia mkunga au daktari: "Nina historia ya kiwewe. Naomba unieleze kabla ya kunigusa, na nikisema simama, usimame." Unaruhusiwa pia kuomba mhudumu mwanamke. Iandikwe kwenye faili mapema, usingoje uchungu uanze.

Korona iliongeza nini? Kila mtu aliteseka kipindi kile.

Kweli, kila mtu. Lakini kwa mzazi aliyetoka jeshini vitu vitatu vinne vilikutana mahali pamoja.

Kwanza ni upweke wa kujifungua. Machi 2020 baadhi ya hospitali kubwa za jiji la New York zilizuia kabisa mzazi kuingia na mtu wake. Siku chache baadaye, tarehe 28, gavana akaamuru aruhusiwe mtu mmoja. Kwingineko mume aliruhusiwa kuingia lakini akitoka haruhusiwi kurudi, au kliniki zote za ujauzito alihudhuria mama peke yake, akiangalia picha ya mtoto kwenye skrini huku baba amekaa ndani ya gari nje.

Pili ni arobaini. Sisi tunajua mzazi halelewi na mtu mmoja. Kuna wa kumkanda, wa kupika uji wa pilipili manga au mtori, wa kumshika mtoto ili mama apate usingizi, na kuna yule shangazi ambaye kazi yake ni kukaa tu na kuongea. Mwaka 2020 hao wote walibaki upande wa pili wa bahari. Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa mwishoni mwa Machi na kuzirudisha tarehe 1 Agosti. Balozi za Marekani nazo zilisitisha viza za kawaida, na foleni yake iliendelea kuwa ndefu hata ndege ziliporudi.

Kuna nyumba moja Texas nilikuwa naacha chakula mlangoni. Mzazi alikuwa ametumikia jeshi miaka minne. Mama yake, aliye Mombasa, alimfundisha mkwe wake kumkanda mzazi kwa simu ya video ya WhatsApp. Simu iliegemezwa kwenye kopo la sukari, mvuke wa sufuria ukawa unafunika kioo, na kila dakika kijana anakifuta kwa kiwiko. Anaona haya kumwangalia mama mkwe, mama mkwe naye anaona haya kumwangalia yeye, huku anasema, "Baba, kamua taulo vizuri, lisiwe na maji mengi. Sasa tumbo. Pole pole." Walimaliza. Mzazi baadaye aliniambia kwamba simu ilipokatika alilia kuliko alivyolia leba. Alikandwa, lakini mikono ya mama yake hakuiona.

Tatu ni akili iliyofundishwa kulinda. Jeshini unafunzwa kutafuta hatari kabla haijakufikia. Ukirudi nyumbani unajifunza taratibu kulegeza. Ikaja korona ikasema: hatari ipo kweli, haionekani, inaweza kuwa kwenye mkono wa mgeni, kwenye mfuko wa sokoni, kwenye pumzi ya muuguzi. Wengi walirudi kwenye ulinzi wa saa 24, na safari hii wanalinda mtoto wa siku tano.

Nne ni chanjo. Wajawazito hawakuingizwa kwenye majaribio makubwa ya kwanza, kwa hiyo mwanzoni mwa 2021 mama alikuwa akiambiwa aamue mwenyewe na daktari wake. Ushauri wa wazi wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kwamba wajawazito wote wachanjwe ulitoka tarehe 11 Agosti 2021. Mtu aliyezoea kupanga foleni na kuchomwa sindano kwa amri ghafla aliachiwa uamuzi huo mikononi, na tumbo la miezi saba.

Siku nne tu baada ya hapo, tarehe 15, Kabul ikaanguka mikononi mwa Taliban. Waliowahi kutumwa Afghanistan waliangalia uwanja wa ndege ule kwenye televisheni huku wananyonyesha. Sijui kama kuna mtu aliyewauliza kliniki wiki ile wanaendeleaje na habari hizo.

Wiki ya kwanza nililia kila siku. Hiyo ni sonona?

Pengine siyo. Akina mama wengi sana, mpaka 8 kati ya 10, hupata majonzi ya siku za mwanzo: machozi bila sababu, hasira za ghafla, kuhisi umelemewa. Huanza siku ya pili au ya tatu homoni zinaposhuka na hutulia zenyewe ndani ya wiki mbili.

Zikipita wiki mbili na bado uko pale pale, au hali inazidi, hiyo inahitaji daktari. Sonona baada ya kujifungua (Wakenya wengi husema unyogovu) humpata kama mama 1 kati ya 8 nchini Marekani. Inaweza kuanza wakati wa ujauzito wenyewe, na inaweza kuja mwezi wa sita au wa nane mtoto akiwa ameshaanza kukaa, wakati hakuna tena anayekuuliza unajisikiaje.

Mimi sina huzuni. Nina hasira, na silali hata mtoto akilala. Inahesabika?

Inahesabika kabisa, na kwa wanawake waliotoka jeshini ndiyo sura ninayoiona zaidi. Dada mmoja alikuwa akiamka usiku kukagua mlango, dirisha la jikoni, dirisha la sebuleni, kisha pumzi ya mtoto, halafu anaanza upya mlangoni. Mara kumi na mbili kwa usiku, alizihesabu. Mchana anamfokea mume kwa kikombe kilichoachwa mezani. Akiulizwa kama ana huzuni anajibu hapana, na anasema kweli.

Wasiwasi, hasira, kufa ganzi moyoni, kumwangalia mtoto kama unayelinda mali ya mtu mwingine, kukwepa barabara ya hospitali uliyojifungulia: yote yaseme. Uzazi wenyewe nao unaweza kuleta kiwewe kipya, hasa uliokuwa wa dharura au wa upweke, na kikakaa juu ya kile cha zamani.

Napata picha mbaya kichwani, mtoto akianguka ngazini au mimi nikimdhuru. Nimechanganyikiwa?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, kwa hiyo naomba usome taratibu.

Mawazo ya namna hii yanayoingia bila kualikwa huwapata akina mama wengi. Ukiyaona yanakutisha, unayachukia, unaficha visu au unakwepa kumwogesha mtoto kwa kuogopa yasitokee, hiyo ni aina ya wasiwasi. Ina tiba, na kuwa nayo si sawa na kutaka kutenda.

Hali tofauti kabisa ni wazimu wa uzazi, ambao humpata mama 1 au 2 kati ya 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Hapo mama hashtushwi na mawazo yake, anayaamini. Anasikia sauti, anaona mtoto ametumwa au amebadilishwa, hajalala siku mbili tatu na hahisi usingizi, anaongea haraka mambo yasiyoungana. Hii ni dharura ya saa ile ile. Mpelekeni hospitali, na asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika kumi. Mwenye historia ya ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, yeye au ndugu wa damu, amwambie daktari angali mjamzito.

Najua kuna nyumba ambako mambo haya yataitwa majini au husuda. Sitabishana na imani ya mtu. Sala iendelee, shehe au mchungaji aje, lakini gari liwe limeshawashwa kuelekea hospitali.

Nikisema ukweli, watanichukua mtoto?

Woga huu umewanyamazisha wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Kuwa na sonona, wasiwasi au PTSD na kuitibu si kosa, na si sababu ya kumwondoa mtoto nyumbani. Wahudumu wanatakiwa na sheria kutoa taarifa pale wanapoona mtoto ananyanyaswa au kutelekezwa. Mama anayesema "nahitaji msaada" anaonyesha kinyume chake.

Jeshini kujikaza kulikusaidia. Ulitembea na mguu uliovimba, ukasema "niko sawa, sajenti", ukasifiwa. Hapa ukisema niko sawa wanakuamini, wanafunga faili, na unarudi nyumbani na mzigo wako wote.

Yale maswali kumi wanayotupa kliniki ni ya nini?

Ni kipimo cha Edinburgh, kilichotungwa 1987, na kinauliza kuhusu siku saba zilizopita. Jumla ni kuanzia 0 hadi 30. Ukifika 13 au zaidi, uwezekano wa sonona ni mkubwa na unatakiwa kuonwa. Swali la kumi ni la kujidhuru. Hilo likijibiwa chochote zaidi ya "kamwe", lazima mtu azungumze nawe siku hiyo hiyo, hata jumla iwe ngapi.

Shida yetu ni lugha. Nilimsindikiza dada mmoja, muuguzi akamsomea maswali kwa Kiingereza, haraka, mume amesimama pembeni. Majibu yote: "No, I'm fine." Tulipofika kwenye gari nilimuuliza mimi kwa Kiswahili, "Lini mara ya mwisho ulicheka mpaka ukajisahau?" Akanyamaza kutoka maegesho mpaka taa za pili za barabarani. Kisha akasema, "Kabla ya tumbo kuonekana."

Una haki ya mkalimani bila malipo kwenye hospitali yoyote inayopokea fedha za serikali kuu, nazo ni karibu zote. Omba mkalimani, na omba ujibu ukiwa peke yako. Mume si mkalimani, hata awe mwema vipi.

VA inazalisha? Nani analipa?

VA haizalishi kwenye hospitali zake. Inakulipia kwa daktari na hospitali za nje, kuanzia kliniki za ujauzito hadi baada ya kujifungua. Ukiwa umejiandikisha VA, piga simu mara tu kipimo kikionyesha mimba, uombe mratibu wa huduma za uzazi. Kila kituo kikuu cha VA kinaye. Kazi yake ni kukupigia, kufuatilia miadi, kukuunganisha na afya ya akili, na kuhakikisha bili haziji nyumbani kwako kwa makosa. Pampu ya maziwa na sidiria za kunyonyeshea pia zinatoka kupitia yeye.

Kwa mtoto, VA hulipa siku 7 tu za mwanzo. Siku hizi saba ziwekee alama. Mwandikishe kwenye bima ya baba au Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) mapema, kwa sababu mama mwenye mtoto njiti akigundua siku ya nane kwamba hakuna bima, hiyo nayo inageuka ugonjwa.

Wakati wa korona mratibu alikuwa akikufuatilia wiki chache tu baada ya kujifungua. Novemba 2021 ilisainiwa sheria ya kuwalinda akina mama waliotumikia jeshi. Iliongozwa bungeni na Seneta Tammy Duckworth, rubani wa zamani aliyepoteza miguu Iraq na kujifungua akiwa seneta, pamoja na Lauren Underwood, ambaye ni muuguzi. Ilitenga dola milioni 15 kwa kazi hii ya uratibu. Kuanzia Oktoba 2023 ufuatiliaji ukafika miezi 12. Waliozaa 2020 na 2021 hawakuupata. Inaniuma, nasema wazi.

Miadi ya afya ya akili kwa video inasaidia kweli?

Kwa wengi, ndiyo. VA ilikuwa na huduma ya video hata kabla ya janga, na iliwakopesha tableti wasio na kifaa. Mama mwenye kichanga hahitaji kutafuta wa kumwachia mtoto wala kuendesha saa mbili kwenda kituoni.

Kikwazo ni faragha. Nyumba ya vyumba viwili, mume anafanya kazi sebuleni, watoto wakubwa wanasoma mtandaoni chumbani. Utasema wapi habari za kubakwa? Mmoja alifanya matibabu yake yote ndani ya gari, limeegeshwa chini ya mti mbele ya nyumba. Simu kwenye usukani, kichanga nyuma kwenye kiti chake amelala, mkono wa kushoto anakisukuma kiti taratibu asiamke. Gari ndicho chumba pekee chenye mlango aliokuwa nacho. Kama ndivyo ulivyo, mwambie mtaalamu mwanzo wa kila miadi: niko wapi, nani ananisikia. Anaweza kuuliza maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana.

Dawa je, nikiwa mjamzito au nanyonyesha?

Usiache dawa ghafla kwa sababu kipimo kimeonyesha mistari miwili. Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi. Ugonjwa usiotibiwa nao unamfikia mtoto. Sertraline, inayotumika kwa sonona na PTSD pia, huingia kidogo sana kwenye maziwa na hutumiwa na wengi wanaonyonyesha. Valproate ni kinyume: ina madhara makubwa kwa mtoto tumboni, hivyo kama unaitumia na unafikiria kuzaa, muone daktari kabla. Agosti 2023 iliidhinishwa zuranolone, kidonge cha kwanza kwa ajili ya sonona ya baada ya kujifungua. Humezwa siku 14, jioni, pamoja na chakula chenye mafuta, na huruhusiwi kuendesha gari kwa muda wa saa 12 baada ya kila dozi.

Tiba ya mazungumzo pia ni tiba. Kwa PTSD kuna matibabu maalumu ya wiki kadhaa ambayo VA inayo.

Tuna bunduki nyumbani. Lina uhusiano gani na haya?

Kubwa. Wanawake waliotoka jeshini wamefunzwa silaha, wengi wanaimiliki, na wakifikia hatua ya kujiua huitumia mara nyingi kuliko wanawake raia. Mawazo ya kujiua huja kwa mawimbi. Wimbi linaweza kupita kwa dakika. Dakika hizo zikikuta bastola imejaa kwenye droo ya kitanda, hakuna nafasi ya pili.

VA hutoa kufuli bure, bila kuulizwa maswali. Ni waya mnene kama kidole cha mtoto, unapitishwa ndani ya bunduki isiweze kufunga, kisha unatiwa funguo. Risasi ziwekwe mahali pengine, na funguo akae nazo mwingine mpaka mzazi apone. Ni kwa muda. Mlivyofundishwa kukabidhi silaha ghalani, kabidhini.

Sijajiandikisha VA, au sikutoka jeshini vizuri. Nina pa kwenda?

Unapo. Tangu 17 Januari 2023, mwanajeshi wa zamani anayestahili, akiwa kwenye hatari ya kujiua, anaweza kwenda hospitali yoyote, ya VA au ya nje, akatibiwa bila malipo: mpaka siku 30 za kulazwa na siku 90 za matibabu ya nje. Si lazima awe ameandikishwa. Matibabu yanayohusu MST nayo ni bure, hayahitaji uwe uliripoti wala uwe na ushahidi, na wengine wasiostahili huduma nyingine za VA hizi wanazistahili. Uliza, usijihukumu mwenyewe mlangoni.

Ipo pia laini ya taifa ya akina mama, 1-833-852-6262, ya saa 24, kwa mjamzito au mzazi yeyote. Omba mkalimani.

Mimba iliharibika, au mtoto alifariki kipindi kile, na hatukuweza hata kufanya msiba.

Pole sana, dada. Kwetu msiba ni watu. Kuzika na watu sita wenye barakoa, au kutozika kabisa kwa sababu hospitali ilishughulikia, ni jeraha la pekee. Huduma za afya ya akili zinakuhusu sawa na aliyejifungua mtoto hai. Na kama familia bado inataka kukaa matanga au kusoma dua leo, hakuna aliyewakataza. Nimehudhuria moja iliyofanyika mwaka wa pili. Watu walikuja wengi.

Mimi ni mume au ndugu. Nisaidie vipi?

Mpe usingizi kwanza: saa nne au tano mfululizo, wewe ukibaki na mtoto. Usimwambie "wenzako wamezaa vitani". Jiandikie namba 888-823-7458, ya VA kwa familia za wanajeshi wa zamani. Watakushauri jinsi ya kumwanza mtu anayekataa kwenda kutibiwa. Nawe ujiangalie, baba, kwani sonona huwapata akina baba pia.

Mtoto wangu alizaliwa 2020. Ameshaanza shule. Nimechelewa?

Hujachelewa. Tiba ya PTSD imewaponya watu miaka mingi baada ya tukio, na huduma za MST hazina tarehe ya mwisho. Dada wa Texas, yule wa mvuke na kopo la sukari, aliomba miadi yake ya kwanza mtoto akiwa na miaka mitatu na nusu.

Piga au tuma ujumbe kwa kituo cha simu cha VA cha wanawake, 855-829-6636. Wengi hukwama kwenye sentensi ya kwanza, kwa hiyo naiweka hapa. Inakili kwenye karatasi na uisome kama ilivyo: "Mimi ni mwanajeshi wa zamani. Nilijifungua wakati wa korona na tangu hapo sijawa sawa. Nataka miadi ya afya ya akili, na nataka mkalimani wa Kiswahili."